Bambo

Mimi ni karani wa mizani, Kitangari.
Msimu ukifunguliwa, gunia halipiti kwangu
kabla sijalidunga bambo: juu, katikati, chini,
maana mjanja huweka korosho njema mdomoni
na tumboni akaficha mapooza.
Simlaumu. Nami ni mkulima.

Alhamisi ni siku ya kisukari.
Tunajipanga benchini, madaftari yamelowa jasho la kwapa,
kila mmoja na tarakimu yake kama namba ya jezi:
Somoe kumi na moja, mimi tisa na nusu,
Mchopa haambii mtu.
Mguu wangu wa kushoto una vidole vinne.
Nalisema hili mapema, usije ukadhani
anayeongea ni mtu na afya yake.

Boksi la buluu limerudi.
Halijafunguliwa, benchi limeshagawanyika.
"Nangumbi alidungwa Jumatatu," anasema Somoe,
"Ijumaa tukamzika."
Kweli. Jembe nililishika mwenyewe.
Na kweli pia: figo za Nangumbi
zilisusa kazi tangu kabla ya mfungo,
uso umevimba, kandambili hazimwingii.
Nikafungua mdomo, nikaufunga.
Msiba hauwekwi mizanini mbele ya dada wa marehemu.

Wala Somoe hana wazimu.
Mwaka ule walitupa vidonge vya manjano, wakasema salama;
mwaka uliofuata wakavikusanya kimyakimya.
Miezi minne alitapika, akaambiwa ana wasiwasi.
Aliyepunjwa mara moja
huja mnadani na jiwe lake la kilo mfukoni.

Mtaani habari huuzwa kangomba:
usiku, kwa bakuli lililobonyea, bila risiti.
Lakini hata mizani ya chama
nimewahi kuikuta ina kitu chini ya sahani.

Basi usiku nikatoa kalamu.
Benchi letu, watu arobaini na mmoja.
Waliochanjwa mwaka jana, kumi na tisa:
homa ya mapafu ilipopita na kifuku
walilazwa wawili.
Wasiochanjwa, ishirini na wawili:
walilazwa tisa, wanne hawakurudi.
Nikafurahi kama mtu aliyekamata mwizi.

Kisha bambo likanigeukia.
Nani walikwenda kuchanjwa?
Wenye nauli. Wenye miguu ambayo bado inafika.
Nilikuwa nimechota juu ya gunia tu.

Nikampelekea Sista Bonosa.
Akasoma, akavua miwani.
"Benchi moja si msimu," akasema.
Akanieleza wako waliohesabu maelfu,
wakapiga kura, huyu dawa, yule maji ya chumvi,
asijue mdungwaji wala mdungaji.
"Na wenye sukari kama sisi walikuwemo?"
Akanyamaza kidogo. "Wachache."
"Wachache wangapi?"
"Sijui. Nitauliza."

Miaka kumi na mmoja ya makoti meupe
na hilo neno sikuwahi kulisikia.

Alhamisi iliyofuata alikuja na karatasi.
Hesabu haikuwa kubwa kama nilivyotaka.
Ilikuwa na juu, katikati, chini.
Nikakunja mkono wa shati.

Siku mbili bega liliuma,
sukari ikapanda hadi kumi na nne, ikashuka.
Nimeandika. Yaliyouma nayo huandikwa.

Somoe akaliomba daftari.
Akalisoma kwa kidole, mstari kwa mstari,
mpaka kwenye jina la kaka yake. Kidole kikakaa hapo.
Mchopa alikuwa anakohoa, mtoto wa mtu analia dirishani.
"Hapa umeandika alichanjwa, akafa."
"Ndiyo."
"Andika na figo."

Nikaandika.
Mkono wa gauni hakuukunja.
Aliuliza tu boksi litakuwepo mpaka lini.