Kabari

Kule Sanaiya ya Salala muuzaji ananisukumia za plastiki,
za njano, nyepesi kama ganda la yai.
"Zinatosha, dada."
Nazipima mkononi. Hazitoshi.
Nataka mpira mweusi, mzito, wenye meno chini,
kimo chake kifike robo ya gurudumu.

Mwaka jana Hilali aliweka jiwe.
Jiwe lilikubali; kisha yakaja manyunyu ya Ittin,
udongo ukalainika,
na tela likarudi nyuma hatua tatu
mama yumo ndani anasali.
Hakuikata sala. Alipokwisha kutoa salamu
ndipo akauliza: "Tumefika wapi?"

Leo kabari kwanza.
Mbele na nyuma ya kila tairi,
nazigongea kwa kisigino hadi zinung'unike.
Ndipo naivua shingo ya tela mgongoni mwa pikapu,
taratibu, ukungu umenishika kope.
Miguu ya mbele, vibao chini yake.
Jeki za nyuma mwisho:
zisiinue, ziguse tu,
kama mkono begani kwa mfiwa.

Pimamaji nimeisahau Maskati.
Mama anamimina chai ya rangi,
anaiweka gilasi sakafuni,
anainama kuitazama.

"Kushoto bado," anasema.
"Kidole kimoja."