Isale Mezani

Kazi yangu ni kusema "mimi" kwa niaba ya wengine.
Nyuma ya kioo, ghorofa ya pili, hapa Arusha,
kanali akisema mimi, nami nasema mimi;
akikohoa, nasubiri.
Namnyaki, tunayepokezana kila nusu saa,
hunywa maji ya uvuguvugu na kuniandikia idadi ya wafu
kwenye karatasi, nisije nikakosea sifuri.

Leo kanali ameanza na mababu.
"Bonde lile lilikuwa letu," nasema, kwa sauti yangu,
"kabla ya bendera, kabla ya ramani."
Kinywa kiko hapa, kichwa kimerudi Kibosho,
kwa Ndewirwa aliyehamisha masale yetu usiku,
hatua saba ndani ya migomba ya mama,
asubuhi akadai babu yake alichimba choo pale.
Choo! Mama alicheka hadi akakaa chini.
Kama kuchutama ni hati ya kiwanja,
nani kesho atalala kwake?

"Tumekwenda kuwaokoa ndugu zetu, wasemao lugha yetu."
Natafsiri. Lugha hiyo ndiyo inayonilisha.
Kombora la kwanza, karatasi ya Namnyaki inasema,
liliangukia zahanati, zamu ya usiku,
na waliolia chini ya mabati
walilia kwa lugha hiyo hiyo iliyofuatwa kuokolewa.
Hawakuhitaji mkalimani.

"Wangetuvamia. Tumewawahi tu."
Ndewirwa naye aliota mama kashika panga.
Ndoto ikawa ushahidi, ushahidi ukang'oa masale.
Panga mama alikuwa nalo, kweli:
la kukatia ng'ombe majani.

"Mpaka huu aliuchora mkoloni, kwa rula."
Hapa nakwama nusu sekunde, maana ni kweli.
Aliuchora mtu asiyejua mto unageukia wapi wakati wa masika.
Lakini rula hiyo hiyo, kanali, ndiyo iliyokupa bandari,
na bandari sijasikia ukiirudisha.
Tena mzinga haufuti mstari;
unafuta walioishi kando yake.
Sisemi hayo.
Mkalimani hana "lakini".

"Na hii si vita. Ni operesheni."
Neno hilo nalikumbuka kutoka KCMC, Moshi,
walipomtoa mama kidole tumbo.
Daktari alimwomba saini kwanza.

"Mbona wengine wamevamia, dunia ikanyamaza?"
Swali zuri.
Ningependa nilisikie likiulizwa na upande wa pili wa meza,
ambako mwanamke mmoja wa ujumbe wao
tangu asubuhi hajavua koti,
kama mtu asiyejua atarudi wapi.

Katikati ya meza, mtunza bustani wa ukumbi ameweka maua:
waridi, majani ya mwituni yaliyochanua kama manyoya,
na masale, matatu, yamechomoza kwa urembo tu.
Hakuna aliyewaambia.
Kwetu jani hilo ni mpaka.
Kwetu jani hilo hilo, likipigwa fundo,
ni samahani; ukiletewa huna ruhusa ya kulikataa.
Ndewirwa alilileta mwaka wa nne, mvua ikimpiga,
akasimama uani, hakuthubutu kuja barazani.
Mama alilipokea kwa mikono miwili.
Kisha akamwambia, twende tukahesabu,
wakahesabu pamoja, kwa sauti, matopeni,
moja, mbili, hadi saba,
akapanda upya, yeye mwenyewe, kwa jembe lake.
Chai alipewa baadaye.

Kanali ananyosha mkono kwenye maua.
Moyo wangu unaruka, mjinga huu.
Analichomoa isale moja,
na huku akitafuta neno la kumalizia
analichana, taratibu, nyuzi nyuzi,
anazipanga mbele yake, zimenyooka kama rula.

Kipaza sauti kiko wazi.
Anakohoa.
Nasubiri.
Namnyaki ananigusa bega: nusu saa yangu imekwisha.