Fupaja Nambari Kumi na Saba

Bwana Okwiri ananipa mfupa kama anayeazima mwavuli:
tia saini, urudishe Ijumaa, usiwaonyeshe watoto.
Nauviringisha kwenye leso ya mama,
natoka nao Chiromo hadi Kariobangi, ghorofa ya nne,
ambako maji hayajapanda tangu Jumapili.

Usiku stima inarudi. Naulaza mezani, kando ya chumvi.
Hakuna mrefu kuushinda mwilini:
shibiri zangu mbili na vidole vitatu.
Kichwa ni ndimu iliyong'arishwa,
na kishimo kidogo, pale kano lilipojishikiza.
Shingo inachomoza mshazari,
kwani kiwiliwili hakikai wima juu ya mguu,
kinaegemea, kama mtu anayezuia mlango kwa bega.
Chini, vifundo viwili vinangoja goti
ambalo halipo.

Nakariri kwa sauti. Ndani una uwazi, nasema,
bomba hubeba kuliko nondo ya uzito uleule.
Mama anamenya viazi.
"Fundi yeyote wa mjengo angekwambia hilo bila karo."
Kisha: "Alikuwa nani?"
Sijui, mama. Nambari kumi na saba.
"Hilo si jina."

Anafuta mikono, anauchukua,
anapitisha kidole gumba mgongoni mwake,
juu ya ule ukingo wenye mikwaruzo.
"Huyu alifanya kazi."
Kitabu kinasema hivyo hivyo, kwa maneno marefu:
hapa ndipo misuli hushika;
inavyovuta sana ndivyo ukingo unavyoinuka.

Miaka kumi na tisa amebeba magunia Marikiti,
ukanda utosini,
nami siku zote nilimhurumia shingo.
"Shingo inaelekeza tu," anasema. "Lete mkono."
Anauweka juu ya paja lake,
anainuka kwenye kigoda polepole, bila kushika meza.
Chini ya kanga kitu kinakaza,
kinashika, kinamsimamisha mtu mzima.
Nimetafuta neno lake kwenye kurasa zote za sura ya tisa.

Ijumaa Okwiri amefungua, amekagua, amepiga muhuri.
"Leso si mali ya chuo. Chukua."
Nimemwambia mama Syokau amekataa irudi.
Ametazama leso, ametazama kabati la chuma,
akaufunika tena,
akafunga mlango taratibu
kama kuna aliyelala.