Nafasi ya Umri

Zahanati yetu iko Barabara ya Lamu, hapa Malindi,
kati ya duka la matairi na muuza aiskrimu.
Mapokezi ni mimi: kalamu iliyofungwa kamba,
kadi za manjano,
na baada ya jina, swali lile lile.

Bwana Ettore, mgonjwa wa presha, hujibu:
Ho settantatré anni.
Anayo. Sabini na mitatu,
kama mtu mwenye nyumba za kupangisha Muyeye.
Huku akigonga mfuko wa shati,
nami karibu nimwambie: haya, itoe tuihesabu.

Mwezi wangu wa kwanza kazini nilimuuliza
kwa Kitaliano changu cha kuokota ufukweni:
Quanti ani ha?
Akashika meza. Akacheka hata presha ikapanda,
muuguzi Kahaso akatoka mbio na mashine mkononi.
N ni mbili, signorina, mbili! Ukimeza moja
umeniuliza nina matundu mangapi ya kukalia.
Na hapo ningeandika nini?
Moja, kama kila mtu.

Msichana wa Kihispania, aliyeunguzwa na konyeza,
aliniomba kalamu aniandikie mwenyewe:
tengo veintidós años,
na juu ya n akachora kiwimbi.
Ukikisahau, akasema, unarudi kule kule kwenye matundu.
Nikamwambia kiwimbi hicho sisi tunakiandika y:
nyama, nyota, nyumba, nywele zako hizo,
na hakuna anayecheka.

Mjerumani hana miaka. Mjerumani ndiye miaka.
Ich bin zweiundsiebzig:
mimi ni mbili-na-sabini.
Huanza na vidogo, kama mtu anayelipa sarafu kwanza
ndipo atafute noti.
Nilikuwa nimekwisha kuandika mbili,
ikabidi saba niibane kushoto, ukingoni mwa kadi.

Mchana, kahamri mkononi, foleni imekatika,
nililitafuna neno langu mwenyewe.
Nina.
Ni, na. Mimi, pamoja na.
Sijainunua miaka hii, wala si mimi hii miaka.
Tumekaa benchi moja tu,
kama nilivyo na njaa, kama nilivyo na mgeni,
na mmoja wetu atainuka kwanza.

Ila mimi kuna miwili sijui iko na nani.
Mfadhili alitaka watoto wasiozidi miaka kumi,
na mama, mbele ya meza ya mwalimu mkuu,
akaipangusa miwili mabegani mwangu kama vumbi.
Nilipata sare, nikapata viatu.
Hakuna aliyenirudishia.

Saa tisa akaingia Mbodze wa Kenga, kutoka Ganda,
na kikohozi chake, mjukuu kamshika kiwiko.
Una miaka mingapi, mama?
Akanitazama kana kwamba nimemuuliza idadi ya kuku wake
na mwewe anasikia.
Mjukuu akatoa kitambulisho: tarehe moja Januari.
Tarehe moja Januari! Nusu ya Ganda walizaliwa siku hiyo,
wakunga sijui walilala saa ngapi.

Karani alinikagua meno, akasema Mbodze, ndipo akaandika.
Lakini nzige walipokuja mimi nilikuwa mgongoni,
na dada yangu alikuwa anatembea,
na mama alituziba macho kwa leso moja.

Nafasi ya umri ni sentimita mbili.
Nzige hawakuenea.
Nikanakili namba ya karani.

Alipotoka kwa daktari, chupa ya dawa kwenye pindo la leso,
alisimama mbele ya meza yangu.
Nawe je, mwanangu, una mingapi?
Nikamtajia ile ya kwenye kitambulisho,
haraka, kama mtu anayerudisha chenji pungufu.

Akainama juu ya kadi za manjano, akanisogelea kabisa.

Hebu, akasema, fungua kinywa.