Rahisi

Neno la kwanza alilolishika lilikuwa *rahisi*.
Shikamoo ilimchukua wiki mbili,
hili alilimeza siku ileile aliyoshuka pantoni
na masanduku mawili na kofia ya ukindu yenye bei bado.

Jouko. Dereva wa tramu, miaka thelathini na minne,
katika mji ambao jua, kwa maelezo yake,
huchungulia dirishani kisha likaondoka bila kuaga.
Akapanga uani kwangu, Mjimwema, vyumba viwili na choo cha ndani.
Nilitaja laki nne nikiwa tayari kushuka hadi mbili na nusu.
Hakuomba hata shilingi ipungue.
Akacheka, akasema: rahisi.

Ana daftari. Nyanya, fungu: rahisi.
Kufupisha suruali: rahisi.
Kinyozi, pamoja na kusuguliwa shingo: rahisi,
na mistari miwili chini yake.
Mimi nanunua nyanya palepale, kwa Mama Sikujua,
hizohizo, nikizigeuzageuza kutafuta kidonda
ili nipate la kusemea.
Lugha yetu nayo ina uvivu wake:
kisichouma mfuko na kisichouma mwili
imevipa jina moja.

Nami ni mstaafu. Haamini.
"Wewe? Mbona unaamka saa kumi alfajiri?"
Nikamwambia kuna kustaafu kwa usingizi
na kuna kustaafu kwa vitumbua.
Miaka thelathini na mmoja masijala ya wilaya,
vumbi la mafaili limekaa kifuani kama mpangaji asiyelipa.
Kiinua mgongo kilipokuja kiliinua bati,
kikainua ada ya mjukuu, kikainua deni la saruji;
mgongo wenyewe kikauacha palepale.

Masika ya pili homa ikamlaza.
Zahanati wakampa dawa, mimi nikampa uji.
Usiku wa tatu akafumbua macho, akauliza
kwa sauti ya mtu anayeuliza nauli:
"Chausiku, kaburi hapa ni bei gani?"

Nilikaa, bakuli mkononi.
Nikasema: sanda ina bei, mbao zina bei, nitakutajia.
Kuchimba ni bure.
"Bure?" Mkono ukapapasa kando ya mto, ukitafuta daftari.
Bure. Ila wanaochimba ni wale uliowachimbia.
Wewe umemchimbia nani?

Akageukia ukutani.
Nilijilaumu hadi kulipopambazuka.
Mgonjwa haulizwi hesabu.

Alipopata nguvu nikamvusha barabara hadi kwa Pazi,
katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana.
Elfu tano kwa mwezi, na mwili wako ukihitajika, uje.
Nilisubiri aseme lile neno.
Alihesabu noti, akanyamaza.
Pazi akafungua kitabu, akaandika: *Joka*.
Nikasema si joka, ni Jouko.
Pazi akanitazama juu ya miwani:
"Kwani atazikwa kwa herufi?"

Juzi kafa kaka yake Mama Sikujua.
Zamu ikaangukia namba arobaini na saba.
Alikwenda na raba nyeupe, masikini,
na ardhi yetu juu ni mchanga, chini ni matumbawe.
Vijana walimpokonya sururu mara mbili,
mara mbili akaidai.

Alirudi adhuhuri, viganja vimetoa malengelenge,
akaketi kwenye ngazi yangu bila kungoja kiti,
akanyoosha mikono nimmwagie maji.
Nilitaka kumuuliza leo ameandika nini daftarini.
Nikaacha. Mchele wa kesho ulikuwa haujalowekwa.
Akasema mwenyewe, polepole, akilitafuta kila neno:
"Chausiku. Mawe mengi."

Nikamwambia, ndiyo.
Huko chini kuna mawe.