Baada ya Amina

Duka langu hapa Kibaigwa lina rafu moja,
mbao za kreti ya bia nilizozigongelea upya,
na juu yake wamebanana kama magunia sokoni:
wahubiri kushoto, bendi kulia,
katikati nimeweka betri na nyembe.
Vumbi la malori ya mahindi haliulizi nani kaokoka.
Asubuhi nawafuta wote kwa kipande kimoja cha kanga.

Enzi za kanda nilikuwa na mashine mbili,
moja inasema, moja inaandika.
Ijumaa nilinakili albamu za dansi,
magitaa matatu na tarumbeta lenye mafua.
Jumamosi, mahubiri ya Jangwani, sehemu ya nne.
Mteja yuleyule alinunua zote mbili,
akataka nimfungie kwenye magazeti tofauti.

Ukikaa katikati unajifunza.
Mhubiri naye ana kiitikio.
Anajua pa kushusha sauti ili benchi la nyuma lisogee,
kama mpiga solo anavyoacha nyuzi zikauke
kabla hajawarudia watu palepale panapouma.
Na sadaka na kiingilio, ndani ya ndoo, hulia sawa.

Mchungaji Hosea Chidawali hakuwa na kanda.
Mwaka ule mtama uliungua ukiwa kimo cha goti.
Alikuja na albamu ya shemeji yake,
matundu mawili ameyaziba kwa karatasi
na ute wa mlenda.
"Rekodi juu yake," akasema. "Mungu hachagui chombo."

Nikaenda Pandambili, redio mgongoni.
Alihubiri juu ya mjane wa Sarepta
na konzi ya unga iliyokataa kuisha.
Watu hawakulia. Walimeza mate.
Dakika thelathini na nane, Amina.
Upande wa kanda una dakika arobaini na tano.

Jana kaja mkewe, Mama Perisi,
kanda ndani ya mfuko wa chumvi.
Mchungaji tulimzika mwezi wa tatu.
Anataka ihamie kwenye memori kadi,
mjukuu amemwachia simu.
Nikamwambia, "Mwishoni nitakata, Mama,
baada ya Amina kuna takataka za zamani."
Akaweka mkono juu ya mashine.
"Usikate. Cheza."

Upepo ulikuwa unatikisa bati.
Amina. Mabenchi. Mtoto anakohoa.
Siku ile nilichelewa kubonyeza,
na kabla gitaa halijafufuka
ipo sauti yake, imeshuka mimbarini,
nyembamba, ya jikoni, inauliza:
"Mama Perisi, umekula lakini?"

Jibu halimo. Kuna *kt*,
halafu magitaa yanaingia kama ng'ombe walioona zizi,
mwimbaji anamlilia mke wa mtu
dakika zote saba zilizobaki.

Nilitazama chini kwa aibu, kama mimi ndiye niliyezini.
Yeye kidole gumba kilikuwa kinagonga ubao,
polepole, hakikosei pigo.

"Kila alipoisikiliza," akasema,
"hakuizima hapo kwenye Amina.
Aliiacha mpaka utepe uishe wenyewe.
Alisema ni adabu kumsikiliza aliyekupisha."

"Na siku ile, ulikuwa umekula?"
Akacheka, jino moja la pembeni halipo.
"Nilimwambia ndiyo."

Kompyuta ikauliza jina la msanii.
Mimi nimezoea kuandika Mch., kisha jina, kisha mwaka.
Akainama karibu na kioo, akafikiri sana,
kama mtu anayechagua kitenge cha msiba.
"Andika," akasema,
"Hosea na Wenzake."

Akalipa nusu kwa pesa, nusu kwa karanga,
akadai na kanda yake pia,
na mfuko wa chumvi.