Wiki Sita

Siku malori yalipotoka Lanet nilifunga cherehani
nikasimama kando ya barabara na watu wa Free Area.
Nilihesabu arubaini na moja, halafu vifaru juu ya trela,
midomo imefungwa turubai
kama ya ng'ombe anayepitishwa kwenye mahindi ya watu.
Nilipiga makofi. Nisidanganye.
Nilipiga mpaka viganja vikawasha.

Koplo Lokidor alikuwa amepitia kwangu alfajiri
nimshonee jina kifuani upya, herufi zilianza kufumuka.
"Wiki sita tu, fundi. Suti yangu ya harusi ikate sasa,
nikirudi ni kuvaa."
Nikampima mabega. Mabega ya mtu anayeamini.
Nikaandika daftarini: kiuno thelathini na mbili, Desemba.

Hotelini kwa Nyaguthii tuliipigana vita ile kwa vyombo vya meza.
Kichupa cha pilipili kilikuwa mji wa bandari,
maandazi yalikuwa ndege,
na Musundi, bawabu wa benki, ambaye hajafyatua hata manati,
aliuteka mji chai haijapoa.
Dawa ya moto ni moto, akasema.
Tukaitikia sote,
hata mimi ninayelala upande wa jaa la Gioto

na nimeliona tingatinga likija kuzima moshi:
linasukuma udongo, linakanyaga,
linarudi nyuma, linakanyaga tena,
dereva anashuka, anajipangusa, anapigwa picha.
Siku ya tatu moshi unachomoza kwingine,
karibu na shule.

Uzi wa kijani nanunua kwa Mama Dekha.
Hakuna mwingine Nakuru mwenye uzi usiochujuka.
Mwaka ule wa milipuko walikuja usiku
wakamchukua Liban, mwanawe, wa kidato cha nne,
kitambulisho kikamulikwa tochi kama noti bandia.
Siku tisa.
Aliporudi alikuwa anakupa uzi, anakupa chenji,
macho yako mlangoni.
Nami nilikuwa nimeshika kipande cha kitambaa cha jeshi
cha kulinganishia rangi.
Nilikikunja nikakitia mfukoni.
Hakuniuliza. Sikumwambia.

Televisheni ya Nyaguthii inasema tumewavunja uti wa mgongo.
Ilisema mwaka jana. Ilisema mwaka juzi.
Mgongo gani huu wenye uti mwingi hivi?
Musundi siku hizi hupaka siagi mkate wake kimya,
na pilipili imerudi kuwa pilipili.

Suruali zinarudi, nazipunguza viuno.
Mifukoni mwake mna mchanga mweupe, laini, si wa huku.
Naukung'uta ndani ya kopo la mafuta ya kupikia.
Sijui kwa nini siutupi.
Kopo limefika nusu.

Juzi akaja dada yake Lokidor kutoka Lokichar,
ameshika risiti yangu, imekunjwa mara nne.
Suti nilikuwa nayo, ndani ya nailoni, vumbi juu ya nailoni.
Hakulia. Aliugeuza ukosi, akaukagua ushonaji
kama mtu anayenunua.
"Ipunguze mabega. Mdogo wake ataivaa."
Harusi? nikauliza, mjinga mimi.
"Siku ya kuandikishwa. Anataka aonekane mtu."
Kijana mwenyewe alikuwa nje anakula muwa.
Aliniambia wale jamaa sasa wamebaki wachache,
msukumo mmoja tu.

Sikuwa na la kumjibu. Sina mpaka leo.
Wale waliolipua walilipua kweli,
na mimi pia ninafunga mlango kwa komeo mbili.
Ila nilipokuwa nampima nilijikuta nimeshika futi
muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Akichukuliwa, atahitaji jina kifuani.
Herufi saba, zile zile, mkono wangu unazijua gizani.
Uzi ulikuwa umeisha. Nikavuka barabara.
Liban alikuwa peke yake dukani.
"Rangi gani?" akaniuliza,
na anajua.